Kutembezwa kwenye mikaratusi, Bustani ya Mimea ya Taifa, Canberra

Nimekulia Mufindi. Kwetu mkaratusi ni mkaratusi tu: nguzo za umeme, kuni, majani ya kujifukizia mafua. Huku Australia, kwao hasa, spishi zake zinapita 700, na mwaka mzima nimehangaika na mti mmoja wa kilimani nyuma ya nyumba yangu. Programu ya simu kila picha iliupa jina jipya. Jumamosi nikaamua kwenda bustanini, chini ya mlima Black Mountain, kutembezwa na mama mmoja anayejitolea.

Nilimwonyesha picha: shina laini, jeupe, limejaa michoro ya kahawia inayoyumba kama mshono wa mtu aliyeshika cherehani leo. Nikasema bila shaka ni Eucalyptus rossii, moja ya spishi hizo. Hakunikatalia, hakunikubalia. Akanieleza kwamba michoro ile ni njia za kiwavi wa nondo aliyekula chini ya gome. Gome la nje likibambuka, ndipo zinaonekana. Na nondo wa jamii hiyo hutaga kwenye E. pauciflora pia, spishi nyingine ya mkaratusi. Kwa hiyo nilikuwa nimemtambua mdudu, mti bado.

Akaokota jani la pauciflora, akaliinua juani. Mishipa yake mikubwa inakwenda karibu sambamba, toka kikonyo hadi nchani. Sijawahi kuona jani la mkaratusi namna ile, na nimefagia majani hayo utoto wangu wote! Vitunda vyake ni vinene. Vya rossii vina milimita 5 hivi. Akaniuliza mti wangu umeota wapi. Nikamwambia mgongoni mwa kilima, kokoto tupu. Akatabasamu: pauciflora utaikuta juu milimani, au mabondeni baridi inakotuama.

Ikabaki spishi ya tatu ya kuitenga na rossii, E. mannifera, inayopenda vilima vikavu vilevile. Hapo alinituma kuhesabu matumba ya maua: mannifera kwa kawaida hubeba saba kwa kishada, rossii mara nyingi huzidi. Jioni nilivuta tawi. Kumi na moja. Nikahesabu tena kishada cha pili: kumi na tatu.

Ni rossii.

Kiingilio ni bure na kutembezwa ni bure, maegesho ndiyo ya kulipia. Vaa viatu imara, njia zina mwinuko. Chukua na kilenzi cha kukuzia, maana matumba yale ni madogo kweli, na usione haya kuuliza: yule mama alisimama nami chini ya mti mmoja karibu robo saa.