CHF iliyoboreshwa, Igunga: nafasi sita, nyumba ina watu wanane

Kadi hii ya CHF, bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, niliitumia miaka mitatu, 2020 hadi 2023. Kabla sijasema nzuri na mbaya, nisahihishe jambo moja linalonikera: watu wanaosema Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Dodoma. Ulianzia huku kwetu Igunga, mkoani Tabora, mwishoni mwa 1995, tukiwa wilaya ya majaribio. Dodoma walikuja baadaye na mradi wa Tuimarishe Afya, na ndiko ulikotoka ule mfumo wa kusajili watu kwa simu. Wapewe sifa ya simu, ya mfuko watuachie.

Mama yangu mzazi aliingia 1996. Kiingilio kilikuwa Sh 5,000 kwa kaya kwa mwaka, na kwa kila kilichochangwa serikali iliongeza kiasi hicho hicho. Ndiyo wakaita "tele kwa tele". Kadi yake ilikuwa karatasi ngumu, majina yetu yameandikwa kwa kalamu ya bluu, akaifungia kwenye mkebe wa majani ya chai pamoja na stakabadhi za pamba. Shida ya kadi zile ni kwamba zilikujua zahanati yako tu. Ukiugulia mnadani, umeugulia mfukoni mwako. Hata hivyo alilipa, kwa sababu tangu 1993 hospitali za serikali zilikuwa zimeanza kuchangisha wagonjwa, na kupata hela taslimu mwezi wa pili, mpunga ukiwa bado shambani, ni kuuza kuku mmoja mmoja. Sheria ya kuueneza mfuko ilipotungwa 2001, sisi kadi ilikuwa imeshachakaa mkebeni.

Hii niliyoitumia mimi, iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, ilikuwa mnyama mwingine. Sh 30,000 kwa mwaka, watu sita, na matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Kitete. Hapo ndipo ilipoishia; Bugando, hospitali ya kanda kule Mwanza, usingeiota. Afisa mwandikishaji alinikuta barazani kwangu nashona sare za shule. Akatupiga picha mmoja mmoja kwa simu, mimi na sindano mdomoni.

Sasa twende kwenye nafasi sita. Nyumbani kwangu tuko wanane: mimi, mume wangu, watoto wanne, mtoto wa marehemu dada yangu, na mama mkwe. Nikapiga hesabu kama napima kitambaa kidogo. Kitinda mimba alikuwa na miaka mitatu, na watoto chini ya miaka mitano wanatibiwa bure kwa sera. Mama mkwe kavuka sabini, na sera inasema wazee wasio na uwezo kuanzia miaka 60 nao hawalipi. Nikawaacha hao wawili. Hesabu ikakaa sawasawa, nikajiona nina akili.

Jioni mama mkwe akauliza, "Mbona mimi sikupigwa picha?" Nikamweleza habari ya sera. Akanyamaza, akaendelea kupepeta mchele. Baadaye nikamsikia akimwambia jirani kwa Kisukuma kwamba ameondolewa kwenye nyumba ya mwanawe. Wiki nzima chai yangu hakuinywa.

Kumbe machale yalikuwa yanamcheza. Ana presha. Tukaenda kituo kimoja hapa wilayani, sitakitaja. Dirisha la wazee lipo, limeandikwa vizuri kabisa. Alipimwa bure, akaandikiwa dawa, kufika dirishani: "Zimeisha mama, kanunueni nje." Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Nikadhani mwenye kadi anapewa, mzee wa bure ndiye anayezungushwa. Mwaka wa pili nikaamua aingie kwenye kadi. Nani atoke? Mume wangu akajitolea, "Nitoeni mimi, mimi siumwi." Yule kijana wa simu, afisa mwandikishaji, akakwama: mkuu wa kaya hawezi kuwa nje ya kaya yake. Akanitazama mimi, akabonyeza. Basi mwaka mzima mkuu wa kaya nilikuwa mimi, na mume wangu alikuwa akikohoa anajificha nyuma ya nyumba.

Na dawa? Dirisha lilibadilika, jibu likabaki lile lile. Kadi ilikuondolea gharama ya kumwona daktari, vipimo, na dawa zilizopo. Neno lenye uzito hapo ni "zilizopo". Za presha nilinunua dukani kama asiye na kadi, na huo ndio ulikuwa ubaya mkubwa wa bima hii kwangu.

Lakini nisiwe mchoyo wa fadhila. Machi 2022 mtoto wa dada yangu alishikwa na tumbo usiku, upande wa kulia, hawezi hata kunyoosha mguu. Kutoka kituo cha afya tulipewa barua ya rufaa kwenda hospitalini, akafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo alfajiri ile ile. Nilikaa kwenye benchi nimeishika kadi, nasubiri mtu aje kuniambia kiasi. Hakuja. Gharama yangu ilikuwa bodaboda, uji na sabuni. Mwezi huo nilikuwa na Sh 14,000 ndani, sare zote za januari nimeshamaliza na wenyewe hawajalipa. Sh 30,000 ya mwaka ilijirudisha usiku mmoja na chenji juu.

Najua sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, kwa hiyo mengine huenda yameshabadilika. Kwa niliyotumia mimi naipa nyota tatu na nusu. Nusu ni ya yule kijana wa simu, aliyekuja kwa baiskeli hadi mlangoni.

Ukijiandikisha, jiandikishe mwezi wa sita mpunga ukiuzwa, usisubiri masika. Na soma majina kwenye simu kabla afisa hajaondoka. Mwanangu wa pili aliandikwa jinsia ya kike, na kila akienda kutibiwa lazima nimsindikize nikaeleze. Ana miaka kumi na minne, ndevu zinaanza.