Kurudisha mng'ao wa gari la spoti la zamani: nini cha kununua kwanza, nini cha kuacha dukani

Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, kuanzia prima ya chini kabisa hadi pale unapoigusa kwa kidole, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150. Karatasi ya kuandikia ina kama maikroni 100. Akiba yako ni hiyo tu. Kompaundi, yaani polishi kali, inaila, msasa unaila zaidi, na gari la spoti lenye miaka 30 huenda limeshapita mikononi mwa watu kadhaa waliolipolishi kila lilipopelekwa kuuzwa. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: njia ipi inarudisha mng'ao mwingi kwa kula rangi kidogo.

Kabla ya polishi, nunua kipimo

Kifaa cha kwanza haking'arishi chochote. Ni kipima unene wa rangi, na wenye magari ya spoti hukosea kukichagua kwa sababu magari yao hayatengenezwi kwa chuma peke yake. Vipimo rahisi husoma juu ya chuma tu. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyozinduliwa mwaka 1989, ina bodi ya chuma lakini boneti yake ni ya alumini. Honda NSX ya 1990 ina bodi ya alumini. Corvette, tangu ya kwanza ya 1953, haikuwahi kuvaa bodi ya chuma kama magari mengine, bali faibaglasi na plastiki za jamii hiyo. Kwa hiyo nunua kipimo kinachosoma chuma na alumini pia. Kama gari lako ni la faibaglasi, kipimo cha aina hiyo hakitakuambia kitu, na kadhalika juu ya bampa za plastiki. Huko kinahitajika kipimo cha mawimbi ya sauti, ambacho ni ghali mno kwa kazi ya gari moja, hivyo ni afadhali umtafute fundi aliye nacho akupimie.

Pima kila paneli sehemu tano au sita na uandike namba. Ukipata 110, 120, 115, rangi ni ya kiwandani na imetunzwa. Ikishuka chini ya 80, weka kompaundi pembeni. Ikipanda juu ya 200, kuna uwezekano mkubwa kwamba paneli hiyo ilishapigwa rangi upya, na ikifika mamia mengi au maelfu, chini yake kuna puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi. Kumbuka kipimo kinasoma jumla ya matabaka yote. Klia, tabaka la juu lisilo na rangi, peke yake mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50, nyembamba kuliko unywele, na ndani yake ndimo kinga ya jua ilimo. Ukiila klia hadi ikawa nyembamba mno, gari litang'aa vizuri sana kwa muda, kisha jua litaimaliza.

Majaribio mengine mawili hayahitaji kununua chochote. Chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hiyo ni rangi ya safu moja, isiyo na klia, ya kawaida kwenye magari ya zamani. Kikibaki cheupe au cha kijivu, kuna klia juu. Kisha lowesha sehemu iliyopauka kwa maji. Kama inarudisha kina cha rangi ikiwa mbichi na uso wake ni mzima, polishi inaweza kuisaidia. Lakini ukiona madoa meupe yenye kingo, kama ngozi inayobambuka baada ya kuungua, klia imekufa hapo. Hakuna polishi, nta wala seramiki (kinga ngumu ya kupaka juu ya rangi) itakayoifufua, na kila atakayekuuzia moja kati ya hizo kwa ajili ya klia iliyobambuka anakupotezea hela.

Nambari 1: Mashine ya DA na polishi mbili

Hii ndiyo chaguo langu kwa watu wengi. Ni mashine ambayo sponji yake inazunguka huku ikitikisika, na kwenye boksi huandikwa herufi DA. Kwa kuwa hairudii duara lilelile sehemu moja, joto halikusanyiki haraka, na anayeanza hupata muda wa kugundua kosa kabla halijawa shimo.

Wauzaji watakuonyesha wati. Wewe angalia upana wa mtikisiko: milimita 8, 15 au 21. Ya 21 hufanya kazi haraka kwenye paneli pana zilizonyooka, lakini gari la spoti lina paneli ngapi za namna hiyo? Madigadi yamejaa, milango imebonyea kiunoni, na spoila ina kona kila upande. Kwenye mikunjo hiyo sponji kubwa ikikaa upande hukoma kuzunguka na kubaki inatetemeka tu, na polishi haifanyi kitu. Ya milimita 15 yenye sahani (kibao kinachoshika sponji) ya inchi 5 inatosha. Ukiweza, ongeza ndogo ya inchi 3 kwa nguzo za kioo na maeneo yanayozunguka taa. Ziko pia mashine za DA zinazolazimishwa na gia kuzunguka hata ukizikandamiza. Ni nzuri, ila zina huruma kidogo tu zaidi ya rotari, mashine inayozunguka bila kutikisika, basi usianze nazo. Chora mstari wa kalamu nzito pembeni mwa sahani: ukiuona mstari unazunguka, kazi inafanyika, na ukisimama punguza mkono.

Bajeti yako iende zaidi kwenye sponji kuliko kwenye mashine. Nunua angalau sita. Sponji moja ikitumika gari zima hujaa vumbi la rangi, hupata moto na kuanza kukwaruza badala ya kulainisha. Na usinunue kwa kufuata rangi ya sponji, kwani ya njano ya kampuni moja inaweza kuwa kali na ya njano ya nyingine laini. Soma maelezo.

Polishi mbili zinatosha, ya kati na ya kumalizia. Kompaundi kali iache dukani mpaka gari lenyewe lithibitishe kwamba linaihitaji. Osha gari, litoe uchafu ulioshikamana kwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya sabuni ya kutosha (kipande kikianguka chini, kitupe), kisha funika kingo zote kwa tepu ya karatasi kwa sababu kwenye kingo ndiko rangi ilipo nyembamba zaidi. Chagua mraba wa sentimita 40 kwa 40 kwenye kivuli, bati likiwa limepoa. Anza na polishi laini kabisa na sponji laini. Pita mara nne hadi sita, polepole, kwa kukatisha wima na ulalo. Futa, halafu pangusa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji.

Hatua hiyo ya spiriti watu wengi huiruka, na ndiyo inayosema ukweli. Polishi nyingi zina mafuta na vijazio vinavyoziba mikwaruzo kwa muda, ile ya funika kombe mwanaharamu apite. Ukipangusa utaona kama utando wa buibui, yaani ile mikwaruzo midogo ya duara, umeondoka kweli au umejificha. Kama umeondoka kwa asilimia sabini, themanini, simama hapo. Mikwaruzo inayokamata kucha iache kabisa: kuifuata hadi chini ni kuimaliza klia kwa ajili ya mstari ambao nusu ya watu hawatauona.

Nambari 2: Mkono wako, kwa rangi ya safu moja

Kwa gari lenye klia, mkono ni kazi ngumu yenye malipo madogo. Lakini kwa rangi ya safu moja iliyopauka, hasa nyekundu iliyogeuka ya waridi, naiweka njia hii sawa na mashine, na ikiwa kipimo kimeonyesha rangi nyembamba naiweka juu yake. Kilichopauka ni ngozi ya juu tu iliyokauka na kuoksidika. Polishi laini yenye mafuta mengi, ipakwe, iachwe ilowe kwa saa kadhaa, kisha isuguliwe taratibu kwa kitambaa laini cha maikrofaiba, hurudisha wekundu ambao mwenye gari alishausahau. Kitambaa kitakuwa chekundu kama kimechovywa rangi. Usishtuke, ila usirudie kila mwezi.

Nambari 3: Fundi wa polishi

Kama huna nafasi yenye kivuli au siku mbili tulivu, mlipe mtu. Muulize maswali matatu tu: unapima unene kabla ya kuanza? Utanionyesha mraba wa majaribio? Utapangusa kwa spiriti mbele yangu? Anayejibu kwa kusema gari litakuwa kama kioo, bila kugusa hata swali moja, mwachie gari la mwingine.

Nambari 4: Kupiga rangi paneli zilizokufa tu

Boneti, paa na kifuniko cha buti hutangulia kufa kwa sababu ndivyo vinavyolala juani. Milango inaweza kuwa bado nzima. Kupiga paneli mbili na kupolishi zilizobaki huhifadhi rangi ya asili ya gari, jambo ambalo wanunuzi wa magari ya zamani huliangalia kwa makini sana. Ugumu uko kwenye kulinganisha rangi: namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari ni ya rangi lilipokuwa jipya, na gari lako halijawa jipya kwa miaka mingi. Fundi mzuri atapolishi kwanza paneli ya jirani, ndipo achanganye rangi kwa kuifuata hiyo. Mwambie mapema kama umepaka kitu chochote chenye silikoni, kwa sababu mabaki yake huifanya rangi mpya ijitenge na kuacha vitundu.

Nambari 5: Gari zima upya

Ni sahihi pale klia imebambuka kila upande au kutu imeshaingia. Kabla ya hapo ni kutupa kitu kisichorudi.

Nambari 6: Rotari kama mashine ya kwanza

Mikononi mwa fundi ni chombo bora. Mikononi mwa anayeanza inazunguka mahali pamoja, joto linapanda, na ukingo unatoboka. Niliwahi kutoboa ukingo wa boneti kwa rotari ya kuazima. Zilipita sekunde chache tu tangu niliposogeza macho pembeni hadi nilipoiona prima. Nililipa paneli nzima kwa doa la ukubwa wa ukucha.

Nambari 7: Kuvisha vinaili

Ni kulifunika gari kwa plastiki nyembamba ya kubandika, na wengi huifikiria kama njia ya kuficha rangi mbovu. Vinaili hushika kile ilichobandikwa. Ikibandikwa juu ya klia inayobambuka, itaonyesha kila ukingo chini yake, na siku ya kuitoa itaondoka na rangi.

Ya mwisho kabisa: klia ya kopo

Klia ya kawaida ya kupuliza, isiyo na kigumushi, huyeyuka ikiguswa na petroli, na ikipulizwa juu ya klia inayobambuka hubambuka pamoja nayo. Yenye kigumushi, ambayo unabonyeza kitufe chini ya kopo kuichanganya, ni imara kweli, lakini ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haizuii chochote hapo. Kwa kava la kioo cha pembeni inaweza kufaa, ukiwa na kinga kamili. Kwa boneti, hapana.

Ukishamaliza, linda

Nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi huko Brazili, hupendeza sana kwenye rangi ya safu moja, nayo hudumu wiki kadhaa. Silanti, yaani kinga za kupaka zinazotengenezwa kiwandani badala ya nta, hudumu miezi. Seramiki huenda mwaka na zaidi, lakini ile 9H inayoandikwa kwenye chupa ni kipimo cha ugumu kwa penseli. Haimaanishi kwamba mchanga hautakwaruza. Pia seramiki hufunga chini yake kila kasoro uliyoiacha, na kuiondoa ni kupolishi tena. Kwa gari linalolala ndani na kutoka wikendi, mimi nachukua silanti.

Pima tena paneli zote, uandike namba mpya kando ya zile za mwanzo, na uweke karatasi hiyo pamoja na hati za gari. Atakayetaka kulipolishi miaka mitano ijayo, wewe au mwingine, atajua amebakiwa na maikroni ngapi.