Uzoefu wangu na Quints: filamu ya mapacha watano kwa jicho la wodi ya njiti

Quints ni filamu ya televisheni ya Disney Channel iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Agosti 2000. Naiandikia tathmini nikiwa Mtwara, kama muuguzi wa watoto wachanga, na ninaowalenga hasa ni wazazi wa huku kusini wanaosubiri pacha, au wameshawapata, na ndani ya nyumba kuna mtoto mkubwa wa darasa la saba au kidato cha kwanza. Filamu ina umri wake, lakini jambo inaloligusa tunalikuta wodini mpaka leo.

Kisa ni hiki. Jamie Grover, msichana wa miaka 14, ni mtoto wa pekee. Wazazi wake, Jim na Nancy, macho yao yote yako kwake: masomo, alama, maisha ya baadaye, mpaka binti anakosa pa kupumulia. Anatamani wampunguzie. Mara mama anajifungua watoto watano kwa mpigo, na macho yote yanahamia kwa wachanga. Jamie anapata nafasi aliyoitamani, kisha anagundua kwamba imezidi. Anayemwigiza ni Kimberly J. Brown, ambaye wengi wanamjua kwa filamu ya Halloweentown ya 1998, na yeye ndiye anayeibeba filamu. Daniel Roebuck ni baba, Elizabeth Morehead ni mama, na mzee Don Knotts anatokea kama gavana. Muda wake haufiki saa moja na nusu. Hakuna matusi, wala tukio la kumfanya baba mkwe ainuke sebuleni na kwenda nje.

Nianze na kasoro, kwa sababu familia inayosubiri pacha inaweza kuchukua picha isiyo sahihi. Watoto tunaowaona kwenye kioo ni wakubwa, wana mashavu, wanalia kwa nguvu. Mapacha watano hawazaliwi hivyo. Mimba ya watatu mara nyingi huishia karibu na wiki ya 32, na ya watano kwa kawaida haifiki wiki ya 30. Hao ni njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, na wengi wana kilo moja tu au pungufu. Wanahitaji msaada wa kupumua, mrija wa kulishia, na wiki nyingi za wodi kabla ya kuiona sebule. Mwezi Mei 2021 Halima Cissé wa Mali alijifungua watoto tisa kule Casablanca, Morocco. Walikuwa na uzito wa kati ya gramu 500 na kilo moja, na familia ilirudi kwao Mali Desemba 2022. Huo ndio mwendo halisi wa jambo hili. Filamu imeruka kipande hicho chote, na kwa komedi ya familia naelewa kwa nini, ila mtazamaji ajue kimerukwa.

Kwa huku kwetu maana yake ni kwamba mama aliyeambiwa ana watatu au zaidi hajifungulii zahanati. Apimwe utrasaundi kabla ya wiki ya 24, ahudhurie kliniki bila kukosa, na mpango wa rufaa uandikwe mapema: Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, au hospitali ya kanda pale Mitengo. Nauli na mtu wa kumsindikiza viwe tayari kufikia wiki ya 26. Damu ya mama ipimwe wingi wake, kwani mimba ya watoto wengi hula damu na huongeza hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na presha yake isikose kupimwa.

Sasa nije kwenye kile ambacho filamu imekipata barabara: jinsi mtoto mkubwa anavyopotea machoni pa wazazi bila mtu yeyote kukusudia. Watu wengi wakitazama humlaumu Nancy na Jim. Mimi nawaombeni mchukue kalamu kabla ya kulaumu.

Chukua watoto watano walioruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na kilo mbili kila mmoja. Katika hatua hiyo mtoto anahitaji takriban mililita 160 za maziwa kwa kila kilo kwa siku, yaani mililita 320. Analishwa kila baada ya saa tatu, mara nane usiku na mchana, mililita 40 kila mara. Watano ni milo 40 kwa siku, na maziwa lita moja na nusu na ushee. Mlo mmoja kwa kikombe, bila kumharakisha mtoto asije akapaliwa, ni dakika 20. Kumcheulisha, kumbadilisha nepi na kumlaza ni dakika 10 nyingine. Dakika 30 mara 40 ni saa 20. Saa 20 kati ya 24, kwa mikono ya mtu mmoja. Wakigawana mama na baba ni saa 10 kila mmoja, na hapo hamjapika, hamjafua, wala mama hajakamua maziwa. Jamie hakuacha kupendwa. Saa ndizo zilizokwisha, na filamu inalionyesha hilo bila hotuba. Kila kichekesho cha usiku, mmoja akilala mwingine anaamka, kinatokana na hesabu hii.

Kikombe nimekitaja makusudi. Kwenye filamu za Marekani utaona chupa, na nyumbani wengi hukimbilia chupa wakidhani ndiyo ya kisasa. Chupa ina kona na chuchu isiyosafishika vizuri. Kwa maji yetu ya visima na ya bomba yanayokatika, kuhara kunaingia hapo. Kikombe kidogo chenye mdomo laini kinaoshwa kwa sabuni na kuchemshwa, basi. Njiti huanza na mrija, huweza kikombe karibu na wiki ya 32 ya umri wa mimba, na kunyonya titi vizuri karibu na wiki ya 34. Wapeane zamu kwenye titi, wawili wawili, waliobaki wapewe yaliyokamuliwa, na zamu ibadilike kila mlo ili asiwepo wa kikombe daima. Maziwa ya kopo, daktari akiyashauri kwa kuongezea, huchanganywa na maji yaliyochemka ambayo bado ni ya moto sana, yasiyopungua nyuzi 70, kisha kikombe kinapozwa kwa kukitumbukiza kwenye maji baridi hadi nusu. Yakikaa zaidi ya saa mbili kwa joto la Lindi, mwageni. Maji ya kunywa, uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe havina nafasi kabla ya miezi sita, hata bibi akisisitiza kwa upendo.

Nepi nazo. Filamu ina pampasi za kutosha na inazichekea sana. Hesabuni nane kwa kila mtoto, ni 40 kwa siku. Anayetumia vitambaa anahitaji kama 100 ili zilizofuliwa zipate muda wa kukauka, maana msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kitambaa kizito kinaweza kushinda kambani na jioni bado kina unyevu. Nepi kumi hadi kumi na tano zinataka ndoo tatu za lita 20: moja ya kufua, mbili za kusuuza. Kwa 40 ni ndoo tisa hadi kumi na mbili kila siku. Msisuuze kwa pupa, sabuni ikibaki inaunguza mapaja. Familia ya mkulima wa korosho itaona fedha kuanzia minada ya Oktoba, kwa hiyo vitambaa na ndoo zinunuliwe wakati huo, hata kama mimba ni ya miezi michache.

Jambo moja dogo nimelipenda. Watoto wamepewa majina kwa mfuatano wa alfabeti: Adam, Becky, Charlie, Debbie, Eddie. Nyumba nyingi za Tanzania zina Kulwa na Doto kwa mantiki ileile ya nani alitangulia, na wodini pia tunawaandika kwa namba ya kuzaliwa. Kuchanganya watoto si mzaha: mmoja hulishwa mara mbili na mwingine akapitwa, au dawa ikaenda kwa asiyeumwa. Pakeni rangi ya kucha kwenye kidole gumba cha mguu, kila mtoto rangi yake. Msiwafunge uzi kifundoni, mguu ukinenepa uzi unakata damu.

Mtazamaji wa kusini atamwona Jamie ana deko. Huku binti wa miaka 14 ameshabeba wadogo zake kwa kanga tangu akiwa na miaka saba, nani amlalamikie? Siikubali hoja hiyo. Jamie anasahauliwa kwa sababu hana kazi. Binti yetu anasahauliwa kwa sababu ana kazi nyingi mno, na mara nyingi anayeacha shule wakizaliwa pacha ni yeye, wakati upimaji wa kidato cha pili uko mlangoni. Kote kuwili hakuna anayemwuliza habari zake. Hapo ndipo naipa filamu alama ya juu, kwani inamweka yeye katikati ya picha, na wachanga pembeni.

Kwa hiyo, kazi gani apewe? Anaweza kushika daftari la zamu: jina la mtoto, saa, mililita, mkojo, choo. Daftari hilo ni la thamani kubwa, daktari atalisoma kabla ya kumgusa mtoto. Anaweza kucheulisha, kukunja nepi, na kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ile tunayoiita kangaruu, mchana, mtu mzima akiwa karibu na yeye akiwa hana mafua wala upele. Kangaruu haipuuzwi kwa sababu tu Mtwara kuna joto. Njiti hupoteza joto hata mtu mzima anapotokwa jasho, hasa kwenye feni au nguo iliyolowa, na kipimo chake kisishuke chini ya nyuzi 36.5. Asipewe kazi ya kuchanganya maziwa usiku, kutoa dawa, kuogesha peke yake wala kulala kitanda kimoja na mchanga. Afundishwe dalili za kukimbilia kumwamsha mama: mtoto amekataa kunyonya, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kinabonyea, ana homa au amekuwa wa baridi, viganja na nyayo ni njano, au amestuka kwa degedege.

Sehemu ya gavana na umaarufu wa wachanga inachekesha, lakini nyuma yake kuna historia nzito. Mei 28, 1934, mkoani Ontario, Canada, walizaliwa mapacha watano wa Dionne, wa kwanza wanaojulikana duniani kuvuka utoto wote watano wakiwa hai. Kwa pamoja walikuwa na kilo sita tu. Serikali iliwachukua, wakalelewa katika jengo lililo ng'ambo ya barabara kutoka kwao, wageni wakienda kuwatazama, hadi waliporudishwa kwa wazazi mwaka 1943. Nao walikuwa na kaka na dada wakubwa waliobaki upande wa pili wa barabara. Ukilijua hilo, kila kamera inayoingia kwa akina Grover inakukaa vibaya kidogo. Huku kwetu kamera ni simu ya jirani. Picha za wachanga zisiende kwenye magrupu kabla hawajatoka wodini, na wageni wasubiri. Njiti mmoja akipata mafua, watano wanayapata.

Kuhusu kazi, filamu haigusi likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wengi huomba 84 kwa kutojua.

Kutazama kwenyewe: lugha ni Kiingereza cha Kimarekani, cha haraka, na vichekesho vingi viko kwenye maneno. Watoto wadogo watacheka matukio ya wachanga na kuboreka pale Jamie anapozungumza na wazazi, ambapo ndipo penye filamu. Mmoja anayeelewa akae karibu na rimoti, asimamishe na kusimulia kwa ufupi. Msitafsiri kila sentensi. Sauti iongezwe, maana muziki unafunika maneno mara kwa mara, na paa la bati wakati wa mvua halitawaacha msikie chochote. Video za kibandani, zile ambazo mtafsiri anaongea juu ya sauti ya filamu, sizipendekezi kwa filamu hii. Mtafsiri hukazana na vichekesho na kumpita Jamie akiwa amenyamaza, na Brown anaigiza vizuri zaidi akiwa amenyamaza.

Naipa nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya wodi waliyoiruka. Familia yenye mimba ya pacha iitazame kabla ya wiki ya 24, mkubwa akiwepo, kwa sababu baada ya hapo mama anaweza kulazwa wakati wowote. Jioni hiyohiyo gawaneni zamu kwenye karatasi: mama, baba, bibi, shangazi au mama mdogo atakayekuja kutoka Newala au Nachingwea, na jina la mkubwa liandikwe kwenye safu ya mchana tu, baada ya saa za shule.