Uzoefu wangu wa kununua chupa za kale za sake katika gulio la Toji, Kyoto

Kwa anayekusanya chupa za kale za sake, ile pombe ya mchele ya Wajapani, gulio linalofanyika tarehe 21 ya kila mwezi katika viwanja vya hekalu la Toji, mjini Kyoto, ni mahali ninapopapendekeza bila kusita, mradi mnunuzi awe anajua anachokitafuta kabla hajafika. Siku hiyo ni ya kumkumbuka Kukai, mtawa aliyefariki mwaka 835, na wachuuzi hutandaza bidhaa zao mapema asubuhi: kimono zilizokwisha kuvaliwa, miche, vyakula, na katikati ya hayo yote vyombo vya kauri na vya udongo.

Mimi sinywi pombe, jambo linalowashangaza baadhi ya rafiki zangu. Ninachokusanya ni kayoi-dokkuri, yaani chupa ambazo maduka ya sake yaliwaazima wateja. Kabla chupa za kioo hazijaenea, duka lilikuwa na chupa zake za udongo zilizoandikwa jina la duka na la mtaa. Mteja alijaziwa sake kutoka kwenye pipa, akaenda nayo nyumbani, na ilipokwisha akairudisha chupa ili ijazwe tena. Kampuni ya Hakutsuru ilianza kuuza sake katika chupa ya kioo ya lita 1.8 mwaka 1901, na katika miongo iliyofuata zile za udongo zikakosa kazi. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi na kwa matumizi ya kila siku, bei yake hadi leo ni ya kuvumilika: ya mwisho niliipata kwa yeni 3,000, baada ya kupatana kidogo.

Chupa hiyo ni ya rangi ya kijivu iliyofifia, ya aina iliyofinyangwa sana Takada, katika mkoa wa Gifu. Mwandishi wake hakuwa na muda wa kupoteza, kwani herufi za jina la duka zimechorwa kwa brashi kwa haraka, na mkia wa ile ya mwisho umechuruzika hadi karibu na kitako. Upande wa pili kuna namba ya simu. Huduma ya simu ilianza Japani mwaka 1890, kati ya Tokyo na Yokohama, kwa hiyo chupa yenye namba ya simu haiwezi kuwa ya enzi ya Edo, iliyokoma mwaka 1868, hata ukiapiwa. Kwangu hilo halipunguzi thamani yake hata kidogo. Namba hizo ndizo zinazonivutia zaidi.

Faida kubwa ya kununua ana kwa ana ni kwamba unakishika chombo. Nilipoigonga chupa taratibu kwa ukucha, ililia kwa sauti safi. Yenye ufa hutoa sauti butu, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Nilipitisha kidole kwenye mdomo kutafuta palipomeguka, nikachunguza duara la chini lisilopakwa rangi ya kung'aa, ambalo kwenye chupa iliyotumika kweli huwa limelainika na kuchafuka. Mzee aliyeniuzia alinipa tochi yake nimulike ndani, akasubiri bila kuninung'unikia. Huduma ya namna hiyo huwezi kuipata kwa picha za mtandaoni, ambako niliwahi kuletewa na wakala mmoja chupa iliyogundishwa shingo kwa gundi ya kawaida.

Zipo pia chupa za kauri nyeupe kutoka Hasami, mkoani Nagasaki, zenye maandishi ya buluu JAPANSCHZAKY, yaani "sake ya Japani" kwa Kiholanzi, ambazo wafanyabiashara wa Kiholanzi walisafirishia sake hadi Ulaya. Ni nzuri, lakini hizo ningezinunua dukani, kwa muuzaji atakayeniandikia stakabadhi inayoeleza umri wake.

Chukua fedha taslimu, na beba kitambaa kizito cha kufungia, kwa sababu wachuuzi wengi hufunga kwa magazeti tu. Gulio la Desemba na la Januari ndiyo makubwa kuliko yote, lakini watu hubanana mno. Kwa kazi ya kugongagonga chupa na kusikiliza, mwezi mwingine wowote unafaa zaidi.