Begi la dharura la siku 3: zipu imara, maji ya kuhesabu

Lebo inasema "watu 2, siku 3". Ukimwaga vilivyomo sakafuni na kuhesabu, dai hilo linaangukia kwenye maji. Mna vipakiti 12 vya mililita 125, jumla lita moja na nusu. Kipimo cha kawaida ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na usafi, kwa hiyo watu 2 wanahitaji lita 24. Hizo ni kilo 24, na hakuna atakayeshuka nazo ngazi mbio. Bora kila mtu abebe chupa 2 za lita moja, mengine yakae kwenye madumu karibu na mlango, ya kupakia garini au ya kutumia mkilazimika kubaki ndani.

Vidonge vya klorini vimo 20, hapo wametenda haki. Ila maelekezo hayasemi kwamba maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Tope hula dawa, vijidudu vikasalimika. Kisha ni kusubiri, kwa kawaida dakika 30.

Tochi inachajiwa kwa kuzungusha mkono. Betri yake ndogo ikikaa mwaka mzima bila kuguswa hufa, na hapo utazungusha mpaka mkono uchoke, mwanga uzime mara tu unapoacha. Izungushe kila baada ya miezi 3, au weka tochi ya betri za kawaida, betri zikiwa zimetolewa: zikivujia ndani zinaozesha vyuma vya kugusia.

Blanketi la foili lina kelele na huchanika upesi, lakini ni jepesi mno, liache humo begini. Kisanduku cha huduma ya kwanza kinajisifu "vipande 100", na zaidi ya nusu ni plasta. Dawa za kila siku ni juu yenu kuongeza, pamoja na miwani, nakala za vitambulisho kwenye mfuko usiopitisha maji, na noti ndogondogo, maana umeme ukikatika mashine za benki nazo huzima.

Kadi ya mpango wa kuhama ina mstari mmoja tu wa mahali pa kukutana. Andikeni pawili: karibu na nyumba kwa ajili ya moto, na nje ya mtaa kwa ajili ya mafuriko. Ongezeni namba ya ndugu anayeishi mbali. Mtandao ukizidiwa, SMS mara nyingi hupenya pale simu inapogoma.

Mikanda ya mabega imeshonwa mara mbili, zipu haikwami. Nyota 3 kati ya 5, karibu zote za begi lenyewe.