Tusker Project Fame 2010: Nilivyoiona nikiwa Mwanga, Kigoma

Msimu wa nne wa shindano hili la kuimba la Afrika Mashariki kwenye televisheni niliutazamia kibanda umiza, juu ya benchi lenye msumari. Nina suruali moja inayoweza kutoa ushahidi. Tulijaa kwa sababu moja tu: Peter Msechu, mtoto wa Kigoma. Kibandani humo hata mama muuza migebuka, ambaye muziki wake ni kaswida tu, alikuwa akitunyamazisha: "Tulieni, mwanangu anaimba!"

Msechu ana sauti nzito, pana, haina haraka. Wenzake wengi walikuwa wakikimbilia noti za juu kama watu waliochelewa meli. Yeye anakaa kwenye noti ya chini, anaivuta, halafu anaiachia. Hapo nywele zinasimama. Jaji Ian Mbugua, mzee wa ulimi mkali, nilimpenda. Wengine humwona katili, mimi naona ndiye aliyetufundisha kusikia.

Kilichoniudhi ni kura. Washiriki walifundwa vizuri wiki nzima ndani ya jumba kule Nairobi, halafu wa kubaki aliamuliwa na wenye salio la kutuma ujumbe. Nami nilituma, nikamaliza vocha ya dukani, mke wangu akanuna siku mbili.

Fainali Davis wa Uganda akachukua, Msechu wa pili. Davis anaimba, sibishi. Ila umeme ulikatika kwetu kabla ya kutangazwa, tukapata habari kwa simu, gizani, na mwenye kibanda hakurudisha hela.

Nyota nne. Ya tano ipo Uganda.