Mkanda wa shingoni au wa kifuani: mbwa wako avae upi?

Kwa bei na urahisi wa kuvalisha, wa shingoni unashinda. Lakini mbwa akivuta, nguvu yote huishia kooni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa shinikizo ndani ya jicho hupanda mbwa anapovuta kwa mkanda wa shingoni. Kwa wa kifuani halikupanda kwa kiwango cha maana. Kwa hiyo mwenye pua fupi, kikohozi au presha ya macho mimi namvalisha wa kifuani bila kusita.

Huo nao unataka uangalizi: vidole viwili vipite chini yake, na kwapani pakaguliwe kama manyoya yanalika. Mbwa mtulivu, mzima wa afya, wa shingoni unamtosha. Anayevuta ataendelea kuvuta kwa wowote ule, mpaka afunzwe: kila kamba inapolegea, mpe kitafunwa papo hapo.